Mshairi Hana Bonasi

Ukitaka kujua bei yako halisi katika kaunti ya Nyeri, tangaza mbele za watu kwamba wewe ni mshairi. Hutatukanwa, watu wa huku wana adabu. Watakutazama kwa huruma, watakupisha ukae karibu na jiko, kisha mmoja wao atakuuliza kwa upole, "Na kazi unafanya wapi?"

Huku kwetu upande wa Tetu, kitu chenye maana hupimwa. Majani chai hupimwa kituoni kwa kilo, mkulima akalipwa kila mwezi na kungojea bonasi ifikapo Oktoba. Maziwa hupimwa kwa lita asubuhi na jioni. Viazi ni kwa gunia, na hata samadi ya ng'ombe ina bei yake kwa mkokoteni. Sasa mimi natoka chumbani saa saba mchana na beti tano, kila mshororo mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetulia mahali pake, na sioni karani yeyote aliyesimama mlangoni na daftari la kuniandikia kilo zangu.

Jirani yangu, mzee wa heshima mwenye michai mingi kuliko sisi wote, aliamua kulichunguza jambo hili hadi mwisho wake.

"Kijana, hizo nyimbo zako zina bonasi?"

Nikamweleza habari za mrabaha. Nikamwambia mzee, kitabu kikiuzwa mchapishaji hukusanya fedha, akatoa gharama zake, na mwandishi akapewa sehemu yake ndogo mara moja kwa mwaka, mwaka wenyewe ukiwa mzuri. Mzee aliegemea fimbo yake akafikiri kwa muda.

"Basi hiyo ni kahawa," akasema. "Mimi yangu niling'oa."

Sikuwa na la kujibu. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, na wazee wengi wa huku walishika mapanga na majembe wakamalizana na mibuni yao. Hawa ni watu ambao wakiona zao halilipi, hulitia moto wakachemshia githeri. Tangu siku ile, mzee akipita dirishani kwangu huniangalia kwa jicho la mtu anayesubiri nishike panga.

Shida ya pili ni kwamba ofisi yangu iko nyumbani. Mtu aliyeajiriwa mjini akiondoka na koti lake saa moja asubuhi, hata kama anakwenda kusinzia mezani hadi jioni, kijiji kizima kinajua amekwenda kazini. Mimi nikikaa mezani kwangu nikiumiza kichwa, mimi "niko tu". Maneno hayo mawili yameua mashairi mengi kuliko wahakiki wote wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa kuwa uko tu, chunga mahindi tuliyoanika, mvua ikija uyaanue. Kwa kuwa uko tu, fundi wa tangi la maji atapita, mfungulie. Kwa kuwa uko tu, mngojee daktari wa mifugo aje ampandishe ng'ombe.

Daktari alikuja kwa pikipiki, mtungi wa mbegu ya fahali umefungwa nyuma kwa mpira. Akavaa glavu ndefu ya plastiki hadi begani, akaniagiza nishike mkia na nisiuachilie. Wakati huo nilikuwa nimeacha ubeti mezani umekwama kwenye kibwagizo, unataka neno moja tu lenye kina cha "nda". Nikiwa pale nyuma ya ng'ombe, neno likanijia lenyewe, zuri, la mizani sita, kana kwamba limetumwa. Kalamu ilikuwa ndani ya nyumba na mkia ulikuwa mkononi mwangu. Daktari aliponiruhusu kuachilia, neno lilikuwa limeshakwenda zake. Ng'ombe alishika mimba. Ubeti ulitoka.

Nilipolalamika jioni, mama watoto aliendelea kuchagua maharagwe.

"Baba watoto, si ni wewe uliyenisimulia kwamba Gakaara wa Wanjaũ aliandika akiwa kizuizini? Wewe unashindwa kwa sababu ya mkia?"

Ndivyo ilivyo ukioa mtu anayekusikiliza. Gakaara ni wa huku huku kwetu. Serikali ya mkoloni ilimkamata Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, akazungushwa kambi hadi kambi kwa miaka, na humo ndani akaandika shajara yake kwa siri. Alipotoka akajenga biashara ya uchapishaji pale Karatina: anaandika mwenyewe, anachapa mwenyewe, anauza mwenyewe. Kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini kilitoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, akigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Ni mtu ninayemheshimu sana. Lakini si haki kumtumia dhidi yangu nyumbani kwangu mwenyewe, tena kabla ya chakula cha jioni.

Na kuna baridi. Wanaosema baridi hunoa akili hawajawahi kuandika Nyeri mwezi wa Julai, ukungu umelala juu ya michai hadi saa sita na Mlima Kenya wenyewe haujaonekana wiki nzima. Vidole hukakamaa. Ukiwasha jiko la makaa lazima ufungue dirisha usije ukafa kwa moshi, na ukifungua dirisha ukungu unaingia kukaa nawe. Nimeandika riwaya yangu nikiwa nimevaa makoti mawili na soksi za mpira wa miguu. Ukiona wahusika wangu wanaenda kulala mapema mno, sasa unajua sababu.

Nisiwasingizie watu wangu. Wanajua kwamba kipaji ninacho. Wanakikumbuka hasa mtu akifa.

Simu hulia saa nne usiku. "Mwalimu, umelala?" Huku kila mtu anayekijua Kiswahili kilichonyooka ni mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki. "Tumepata msiba. Tunaomba utuandikie wasifu wa marehemu, na kashairi kadogo ka kusomwa na wajukuu. Kapelekwe kwa mpiga chapa kesho asubuhi."

Basi naketi kuandika habari za mtu niliyekutana naye mara chache, tena akiwa na hasira. Rasimu hupelekwa kwa kamati ya mazishi, ambayo ni kali kuliko bodi yoyote ya wahariri. Shangazi anataka ielezwe kwamba marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Mtoto wa kwanza anataka shamba lisitajwe kabisa. Kuna marehemu mmoja alikuwa na wake wawili, na programu ilikuwa na nafasi ya mke mmoja. Nilikesha nikitafuta namna ya kuandika sentensi ambayo kila mama akiisoma atajiona ametangulia. Nilifaulu. Wale mama walisimama upande mmoja wa kaburi bila hata kusukumana. Kama kuna tuzo ya sentensi, ile ilistahili.

Siku ya mazishi aliyekodisha hema alilipwa. Mwenye viti alilipwa. Mpiga picha alilipwa kabla ya kufungua mkoba. Mwenye vipaza sauti alikataa kuviwasha mpaka simu yake ilie kwamba hela imeingia. Mimi nilishukuriwa, kisha nikapewa sahani ya mukimo na kipande cha nyama chenye mfupa.

Harusi ni hivyo hivyo. Siasa ndiyo mbaya zaidi, maana mheshimiwa anayo hela na bado hataki kuitoa. Mmoja aliniomba shairi la kumsifu kwa barabara aliyotuletea. Nilikwenda nikaitazama ile barabara. Nikamtungia beti za kuvutia, kisha nikalikatiza shairi pale pale lami ilipokomea. Hajanitafuta tena.

Ndiyo maana nikaandika riwaya. Niliwaza kwamba shairi ni kitu chembamba, mtu akilikata kutoka ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo hulitumia kufungia njugu. Kitabu kina uti wa mgongo, kikisimama rafuni kitaonekana. Jina la riwaya silitaji hapa. Mhariri wa safu hii ameniambia kwamba matangazo ya biashara hulipiwa, na yako ukurasa mwingine.

Mchapishaji wa Nairobi alinipigia simu baada ya kukaa na mswada muda mrefu wa kutosha kwa ng'ombe kuzaa. "Mwandishi, tumeisoma. Nzuri sana. Je, inaweza kufundishwa Kidato cha Tatu?"

Hilo ndilo swali la pekee katika biashara ya vitabu nchini Kenya. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipoteuliwa kuwa kitabu cha mtihani, iliingia kila shule ya sekondari, kuanzia Lamu hadi Busia. Ikaondolewa, Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikashika zamu. Riwaya iliyomo katika orodha hiyo hununuliwa na wazazi wanaokopa ili wainunue. Iliyo nje ya orodha hununuliwa na mama yako mzazi.

Kwa tumaini la orodha hiyo, riwaya yangu ikaanza kutakaswa. Kulikuwa na busu. Likaondolewa, ingawa wanaobusiana ni mume na mke waliofunga ndoa kanisani katika sura ya pili. Kulikuwa na chang'aa. Ikaondolewa, kwa hiyo mlevi wangu sasa huamka tu akiwa amelewa, na hakuna ajuaye kwa nini. Kulikuwa na chifu mla rushwa. Amegeuzwa "kiongozi fulani", hana sura wala kijiji. Baada ya utakaso wote huo, haikuteuliwa.

Hebu tupige hesabu, maana mimi nami ni mtu wa Nyeri. Kitabu kinauzwa shilingi 600. Mkataba wangu unanipa asilimia 10, yaani shilingi 60. Kabla sijaziona, asilimia 5 ya hizo hukatwa kama kodi ya zuio ikaenda KRA. Zinabaki shilingi 57. Ukisoma riwaya yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukalia pale pa kulia na kucheka pale pa kucheka, utakuwa umeninunulia chai na chapati moja, bila maharagwe.

Ndugu zangu hawaziamini hesabu hizi. Walisikia redioni habari za Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwamba mshindi huondoka na dola 5,000. Nimewaeleza kwamba katika mashindano hayo unapambana na watu wa Unguja, Pemba na Mombasa, watu waliobembelezwa kwa vina wangali matumboni. Halafu mpwa wangu akagundua kwamba mwaka 2018 upande wa ushairi ulichukuliwa na Mkenya, Jacob Ngumbau Julius, kwa diwani yake Moto wa Kifuu. "Mjomba, huyu ni Mkenya mwenzako. Wewe unangoja nini?" Zamani niliulizwa nafanya kazi wapi. Siku hizi naulizwa dola nimezificha wapi.

Uzinduzi wa riwaya tuliufanyia mjini Nyeri, katika ukumbi wa kanisa. Mgeni wa heshima alichelewa, kama ilivyo desturi ya wageni wa heshima, na MC akajaza nafasi kwa kukisifu "hiki kijitabu cha ndugu yetu". Kina kurasa 240. Mgeni alipofika alisema maneno machache kuhusu umuhimu wa kusoma, akainua nakala juu ili kamera ziione, akainunua kwa shilingi 5,000, watu wakapiga makofi. Alipoondoka niliikuta nakala yenyewe kwenye kiti chake, juu yake kikombe, na duara la chai limejichora vizuri kwenye jalada. Niliipangusa kwa kitambaa nikaiuza tena kwa 600. Na mnunuzi akaniomba nipunguze, kwa sababu imechafuka.

Jamaa zangu hawakununua. Walipanga foleni. "Yangu iko wapi? Niandikie na jina." Binamu yangu alishangaa hata kusikia kwamba kuna bei. "Si ni wewe uliyeiandika? Ulitoa pesa wapi kununua maneno?" Huyu binamu ana duka la vifaa vya ujenzi. Nimewahi kumwomba misumari. Alinipimia kwa gramu.

Waliopata vitabu bure ndio waliokuja na mashtaka. Ukiishi mji mdogo, wasomaji wako hawasomi hadithi, wanajitafuta. Katika sura ya nne yupo bahili anayehesabu njiti za kiberiti. Nilimbuni kichwani mwangu, Mungu ni shahidi. Ametokea mzee mmoja Othaya akidai ni yeye. Mwingine wa Mukurwe-ini ametuma mtu kuniuliza nani alinipa habari za kiberiti chake. Wa tatu, wa hapa mjini, hakukasirika hata kidogo: anataka fungu lake la mrabaha, na nimemwahidi nusu ya chapati. Katika sura hiyo hiyo kuna mtu mkarimu, mwenye busara, anayesomesha mayatima. Hadi leo hakuna aliyejitokeza kusema ni yeye.

Siku moja ya soko nilishuka Karatina. Lile soko ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki, nyanya na kabichi zimepandana milima, na pembeni kuna duka la kutoa kopi. Nikaingia kutoa kopi ya kitambulisho. Kijana wa mashine alikuwa anafungua kitabu, anakilaza kwenye kioo, anakibana kwa kiganja mpaka uti wa mgongo unalia, taa inapita, anageuza. Niliutambua uti wa mgongo ule kwa mlio. Ilikuwa riwaya yangu. Mteja, mwanamume mwenye tai na uso wa mtu mwema, alikuwa anazipanga karatasi zingali na joto.

Nikamuuliza mteja huyo anatoa kopi kwa bei gani. Shilingi 5 kila karatasi, kurasa mbili mbili. Kurasa 240 ni karatasi 120. Karatasi 120 kwa shilingi 5 ni shilingi 600.

"Ndugu," nikamwambia, "hiyo ndiyo bei ya kitabu. Na kitabu kina jalada."

"Najua," akasema. "Lakini kitabu kiko Nairobi, kopi iko hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikajikuta nimenyamaza, kwa sababu mtu yule alisema kweli. Zunguka maduka ya vitabu ya Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Nanyuki. Rafu ya kwanza ina vitabu vya kiada. Ya pili ina Biblia na vitabu vya nyimbo. Ya tatu ina madaftari, rula, gundi na kadi za kuwatakia watahiniwa heri. Mwenye duka si mtu mbaya. Anauza kinachoulizwa, na kinachoulizwa ni kile kilichoandikwa kwenye orodha ya shule. Riwaya ambayo haijaamriwa na mwalimu yeyote haina rafu.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye duka. Napanda matatu na katoni la vitabu, Nyeri hadi Karatina, Sagana, Kutus, Embu, na makanga hunitoza nauli ya katoni sawa na ya gunia la viazi, ila gunia la viazi lingenunuliwa kabla hatujafika Sagana. Mlimani tunauza kila kitu barabarani: parachichi, mchele wa Mwea, sungura, miche ya makadamia. Nikisimama hapo na riwaya, watu huniuliza ni ya kanisa gani.

Usidhani waliotangulia walipata mteremko. Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948. Riwaya yake Kill Me Quick ilitoka mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mtu wa namna hiyo ungedhani ataketi chini ya mti ale mrabaha hadi uzeeni. Badala yake utaliona jina lake kati ya waongozaji wasaidizi wa ile filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, kazini na watu wa Marekani. Bingwa wa Nanyuki naye alijua kwamba kalamu inahitaji kushikiliwa na kazi nyingine, angalau ilipe karatasi.

Na mjini Nyeri kwenyewe, unajua ni mwandishi gani anayetembelewa zaidi? Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Alitoa Scouting for Boys mwaka 1908, kikauzwa ulimwengu mzima, akaja kumalizia uzee wake hapa kwetu na kufariki Januari 1941. Maskauti huvuka bahari kuja kusimama kwenye kaburi lake na kupiga saluti. Mimi naishi mwendo mfupi kutoka hapo, mzima, nimechana nywele, nina katoni la vitabu na kalamu ya kutia sahihi. Hakuna aliyewahi kukata kona.

Basi msomaji wangu, tusikilizane. Duka lenu halina riwaya? Iulize. Mwenye duka akiulizwa na watu wachache ataiagiza, hiyo ndiyo biashara anayoijua. Umeazima nakala ya jirani? Irudishe ukanunue yako. Umepewa na mwandishi bure ukaandikiwa na jina? Mnunulie mwalimu wa watoto wako moja. Wasifu wa marehemu nitaendelea kuuandika bila malipo, kwa kuwa marehemu hana M-Pesa. Wewe unayo. Kitabu ni shilingi 600.